Samaki Wamezoeana

Fundi cherehani alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake miezi miwili. Aliporudi, kitu cha kwanza kumtia shaka kilikuwa tangi la samaki. Yule mweusi, mbabe aliyezoea kuwakimbiza wadogo wa rangi ya dhahabu mpaka mapezi yakachanika, sasa aliogelea nao ubavu kwa ubavu.

"Nani kawapatanisha hawa?"

"Wamezoeana tu, mke wangu," mumewe alijibu, macho kwenye simu. "Nawalisha mwenyewe, wanashiba, ugomvi wa nini?"

Mwanamume huyu hata maua yalimfia mkononi.

Hodi ikapigwa. Jirani wa ghorofa ya juu aliingia kupimwa gauni, bangili zikilia mkononi.

Samaki wote wakageuka kwa pamoja. Wakakimbilia kona iliyo karibu na kochi, mweusi katikati ya wadogo, midomo wazi juu ya maji, wakingoja kulishwa.

"Kumbe mnafuga samaki," jirani alisema. "Sikujua."

Mume akakohoa.

Fundi akavuta futi yake kutoka shingoni, taratibu.

"Inua mkono, shoga," alisema, macho kwenye tangi. "Utikise kidogo."