Hewa Kwenye Mpira

Kompyuta ya marehemu kaka yangu Ngassa hupozwa kwa maji. Tangu tumzike, hewa imeingia kwenye mipira inayopitisha maji hayo. Ukiiwasha inakoroma kama mtu aliyeshiba ugali.

"Mayu, mashine hii isipotolewa gesi itaungua, na video zote za Ngassa zitapotea," nilimtania mama.

Mama alisogeza kigoda karibu na mashine.

Nikaiwasha, nikaiinamisha taratibu. Kiputo kama punje ya dengu kikapanda mpirani, kikasita kwenye kona, kikapasukia kwenye tangi la maji. Nikajaza maji, nikafunga kizibo.

Kimya.

Mama akatega sikio. "Mbona amenyamaza?"

Siku zote humcheka Kiswahili chake na kumsahihisha: mashine "imenyamaza", si "amenyamaza". Safari hii nikafungua tena kizibo, nikaanza kupunguza maji ili hewa irudi.