Kitabu cha Mtu Mzoefu

Leonia alikirudisha rafuni kile kitabu kizuri, akaendelea kutafuta kibaya.

Kile kizuri kilikuwa chembamba. Kilimchukulia msomaji kuwa ameshaandika programu hadi vidole vikaota sugu, kikamweleza tu lugha hii mpya ya kompyuta inatofautiana vipi na zile anazozijua. Mtu mzoefu angekimaliza upesi. Ndiyo maana Feliksi hakustahili hata kukigusa.

Feliksi! Mfumo wa kukata tiketi za boti za Kagunga aliutunga Leonia, peke yake, macho yakimwasha. Feliksi akaubeba mpaka kwa Mzee Haruna, mwenye boti, akasema ni wake. Akapewa uongozi wa ofisi. Leonia akabaki kumwita "bosi".

Jana bosi huyo alimjia kwa upole usio wa kawaida.

"Dada Leonia, mfumo tunauhamishia lugha mpya. Nenda duka la vitabu pale Gungu ukanichagulie kitabu. Cha mtu mzoefu, si cha mwanafunzi." Alisita kidogo, kama mwenye neno jingine, akaondoka.

Leo ni leo, alijisemea Leonia. Akavuta kutoka rafu ya chini dude moja nene kama tofali. Sura ya kwanza: "Kompyuta ni Nini?" Ya pili ilifundisha namna ya kuiwasha. Alicheka mpaka muuzaji akageuka. Asome huyo, apoteze siku humo bila kuifikia kazi yenyewe, aumbuke mbele ya Mzee Haruna!

"Umekichagua wewe mwenyewe?" Feliksi aliuliza alipokabidhiwa ofisini.

"Mimi mwenyewe, bosi. Kwa mzoefu, hakuna kama hiki."

"Basi andika jina lako hapo mwanzoni."

Anatafuta wa kumsingizia, Leonia aliwaza. Hata hivyo aliliandika kwa herufi kubwa. Alitaka Feliksi amjue aliyemkomesha.

Jumatatu Mzee Haruna aliwaita wote wawili nyumbani kwake Ujiji. Feliksi alikuwa ameinamisha kichwa, macho mekundu. Kitabu kilikuwa mapajani mwa mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Huyu mwenzako alikuja kwangu analia. Kasema ule mfumo ni kazi yako, yeye alikudhulumu, na kiti chake nikupe wewe. Sasa mimi mambo ya kompyuta siyajui. Nikamwambia, mtume akachague kitabu cha mtu mzoefu, wala usimwambie kwa nini. Fundi namjua kwa anachokichagua."

Leonia alikitazama kile kitabu mapajani mwa mzee.

Mzee alivaa miwani, akalisoma jina la Leonia, akafunua ukurasa uliofuata. Akasoma taratibu, kwa sauti: "Kompyuta ni nini?"

Akakifunga, akamgeukia Feliksi.

"Mwanangu, una huruma kupita kiasi. Rudi kwenye kiti chako."