Aliyekuwa Akimjibu Bi Taa

Alikuwapo Bi Taa, samaki bapa mwenye majivuno. Kila maji yalipotulia alipiga mchanga kwa mkia, na dada yake, kule mbali, alimjibu vivyo hivyo. Ndivyo taa wanavyojuliana hali.

Siku moja alipita juu ya kisiwa kilichomezwa na bahari. Mzimu wa Panya ukamwita kutoka shimoni. Alikuwa amekufa kisiwa kilipozama, wa mwisho katika kabila lake.

“Shikamoo, Bi Taa.”

“Marahaba, marehemu. Wazembe nyie! Maji yanapanda, mnangoja nini?”

“Tulingoja yashuke, bibi. Na yako, mbona yamekuwa ya moto?”

“Yatapoa. Tena mimi si mkiwa kama wewe. Nina dada. Sikiliza!”

Akapiga mchanga. Jibu likaja, lakini lilitoka karibu mno. Bi Taa akageuka. Mkia wa Panya ulikuwa umetoka tu kupiga mchanga.

“Nisamehe,” Panya akasema. “Dada yako alinyamaza zamani. Mimi nilipoita, hakuna aliyeniitikia. Nikakuonea huruma.”

Bi Taa akaondoka bila kuaga. Maji yalipotulia tena akapiga mchanga, akijua ni nani atakayejibu.