Nguzo ya Nne

"Imerudi tena!" Bosi alifoka, akaigeuza kompyuta ili ofisi nzima ijionee.

Jumatatu aliifuta, Jumanne akaikuta, akaifuta tena. Leo Jumatano hiyo hapo, nguzo ya nne, imesimama katikati ya ukumbi wa shule kwenye ramani ya ujenzi. Jamani, nguzo gani hii yenye kiburi!

Mwenye shule hakuitaka. Alidai inaziba jukwaa. Lakini juu ya ukumbi ule kulikuwa na madarasa mawili, na kikaoni Babu Penseli, mchoraji mkongwe kuliko wote, alisema waziwazi: "Mkiitoa hiyo, ghorofa litawaangukia watoto." Wengine wote waliinamia daftari zao.

Bosi akamvuta pembeni mtunza mafaili. Dada huyu ndiye aliyewagawia wachoraji nywila na kutunza nakala za zamani za ramani, na ndiye aliyejua nani kafungua faili gani, saa ngapi.

"Mjenzi analichukua faili kesho asubuhi," Bosi alisema. "Nitafutie huyu anayeirudisha nguzo leo hii. Nakuamini wewe tu."

Dada akachapisha orodha. Kumchongea mwenzako si jambo jepesi. Juzi na jana, saa kumi na mbili jioni, jina lilikuwa moja tu: Babu Penseli.

"Mwanangu," Babu alimwambia, karatasi kaisogeza karibu na miwani, "saa kumi na mbili mimi nimeshafika kwangu, nimevua viatu."

"Ndivyo orodha inavyosema, Babu," dada alijibu bila kumtazama.

"Basi kuna mtu anatumia jina langu."

Bosi akacheka kwa dharau. "Jini, siyo? Jini anayejua kuchora! Si wewe uliyebisha kikaoni? Kusanya vitu vyako."

Wachoraji waliozoea kumtania mzee wa watu tangu asubuhi mpaka jioni sasa walimtazama kwa jicho la pembeni. Miaka ishirini na miwili ya kazi ikaenea kwenye boksi moja. Akalibeba, akaondoka.

Bosi akaifuta nguzo kwa mara ya tatu. "Na nywila ya yule mzee uifunge," alimwagiza dada, akaenda zake akipiga mluzi.

Ofisi ikabaki tupu. Dada alikuwa hajaifunga nywila ya Babu. Alikaa mbele ya kompyuta, akijichukia kwa uoga wake. Saa kumi na mbili ilipotimia, akalifungua faili la shule.

Kompyuta ikamuuliza jina. Vidole vikaanza kuandika la Babu Penseli, kama juzi na jana. Akalifuta, akaandika lake, kisha akairudisha nguzo.