Wosia wa Bwana Pemberton

Nikutegee kitendawili, nawe ufikiri kabla ya kujibu: ni nani amekufa zamani na bado anagawa mali yake?

Tangu sheria iseme kwamba wosia hauzeeki, Kisauni nzima ilikuwa ikisaka mababu wa Kiingereza. Bi Keziah Pemberton alipekua vitabu vya ubatizo vya parokia moja ya huko Uingereza mpaka macho yakamuuma. Mwishowe akampata babu yao Thomas, ametajwa katika wosia wa tajiri Pemberton. Kwa furaha, akatuma dai la urithi kabla hajausoma wote.

"Haya Mama, tumeachiwa nini?" aliuliza bintiye Dorkas, akipepeta mchele. "Nyumba? Sema basi, nianze kuwaringia majirani!"

Keziah alisoma mpaka mwisho, akaukunja ule wosia.

Mlangoni pakabishwa hodi kwa Kiswahili cha kujifunza. "Sisi ni wazao wa Bwana Pemberton. Tumepata dai lenu."

"Mama, wamekuja! Tumeachiwa nini?"

Keziah alimvuta bintiye, akamkumbatia.

"Hatukuachiwa kitu, mwanangu. Thomas alikuwa mtumwa wa huyo Pemberton. Yeye na uzao wake wote ndio urithi walioachiwa hao walioko mlangoni."