Konokono wa Ijumaa

Maji ya birika la matumbawe la Bi Mwanamkasi yalichujwa kwa kaniki iliyokunjwa mara mbili, na bado konokono walionekana.

Walikuwa wadogo, wa rangi ya vumbi, magamba yao yamejaa vinundu. Mchana walijificha chini ya matumbawe, giza likiingia wakapanda kuyala. Walipopita waliacha weupe mtupu, kama mfupa uliokwisha kutafunwa.

Birika lenyewe alilijenga marehemu mumewe, Mwinyijuma, katika ua wa nyumba yao ya Chumbageni. Alikuwa mpiga mbizi, akitafuta makombe ya kuwauzia Wazungu wa meli. Wenziwe walipoacha kazi walinunua ng'ombe. Yeye alihamishia bahari nyumbani. Kila asubuhi mchukuzi mmoja alileta maji ya chumvi kwa mkokoteni wa punda, akayamimina kwenye mfereji wa ukutani, akaenda zake bila kuingia ndani.

Mwinyijuma alipofariki, watu walidhani mkewe atalifukia birika. Hakulifukia. Hawakujaliwa mtoto, na nyumba ilikuwa kimya mno. Mwaka ule mkonge ulikuwa umepanda bei, Tanga nzima iko mbioni, na majirani walimsalimu huku wakipita.

Aliyeingia ni Hatibu peke yake. Alizama na Mwinyijuma miaka mingi, na yeye pia alikuwa mjane wa siku nyingi. Sasa, mwanamume asiye ndugu haingii uani kwa mjane hivi hivi. Mtaa ungelala na habari hiyo na kuamka nayo. Hatibu alikuwa na sababu, nayo ni konokono. Kila Ijumaa baada ya alasiri alipiga hodi ya kusikika hadi nyumba ya tatu, mlango wa ua ukaachwa wazi, na Mwanamkasi akakaa nyuma ya pazia.

"Masalkheri, shemeji."

"Akheri, shemeji. Karibu."

Hatibu alikuwa akilifunika birika kwa jamvi, konokono wadhani usiku umeingia, watoke. Ilibidi kungoja, na katika kungoja huko walizungumza. Hayakuwa mambo makubwa: bei ya nazi, goti la Hatibu, jinsi Mwinyijuma alivyoweza kukoroma hata msikitini. Siku zilizobaki za wiki Mwanamkasi aliyarudia maneno hayo peke yake jikoni, na mengine aliyajibu upya. Alikuwa mpweke kiasi hicho.

Kisha Hatibu alifunua jamvi ghafla, akawachokoa konokono kwa kijiti, akawatia kikombeni na kukipitisha kikombe chini ya pazia.

"Wape kuku."

"Nitawapa."

Siku moja aliuliza, "Mbona siwasikii kuku wako?"

"Wanalala mapema."

Hatibu aligeuka kulitazama banda. Mlango wake ulifungwa kwa kamba, na buibui alikuwa ametandaza nyumba yake juu ya kamba hiyo. Hakuuliza tena.

Ijumaa iliyopita, Hatibu alipokwisha kuondoka, aliingia Idarusi, mdogo wa marehemu, kutoka Mwera. Mwanamkasi alikuwa bado ameshika kikombe. Idarusi aliinama juu ya birika. Matumbawe yote yalikuwa meupe, ila fungu moja la kahawia pembeni.

"Shemeji, hili nalo likifa, nalifukia birika. Nitapanda mchicha."

"Ni la kaka yako."

"Kaka alijenga birika la matumbawe. Haya sasa ni mawe."

Alisema kweli, na kweli hiyo ilimuuma. Idarusi alipotoka, Mwanamkasi alikaa ukingoni mwa birika, akalia, akamwomba marehemu radhi.

Wiki nzima alikuwa na wazo moja. Birika likifukiwa, Hatibu hatakuwa na la kumleta. Konokono wakiisha, vilevile. Kila alipoligeuza wazo hilo lilimrudisha palepale.

Ijumaa ikafika. Birika likafunikwa jamvi. Mwanamkasi akakaa nyuma ya pazia.

"Leo umenyamaza, shemeji," alisema Hatibu.

"Nadhani leo utawakosa. Maji nayachuja sana."

Hatibu aliweka kijiti chini. "Nikiwakosa, basi kazi yangu imekwisha."

"Ndiyo."

"Tutamshukuru Mungu," alisema, lakini kwa sauti ya mtu aliyepewa mkono wa pole.

Alifunua jamvi. Kijiti kiligonga jiwe, kikagonga tena, kikazunguka huku na huku muda mrefu kuliko siku zote. Mwanamkasi alifumba macho. Alijiambia kwamba angalau fungu lile litabaki, na kwamba mtu huzoea kila kitu, hata kimya. Hakujiamini.

"Fungu hili litapona," Hatibu alisema mwishowe. Akakohoa. "Lakini bado wapo, shemeji. Wawili hawa, tena wakubwa. Itabidi nirudi Ijumaa."

Kikombe kikapita chini ya pazia.

Mwanamkasi alikiinamia. Konokono wawili, migongo yao mikavu, na mmoja amenasa uzi wa mfuko wa kanzu.

Polepole alivuta bakuli lililokuwa nyuma yake, akainua kawa. Wale wa Ijumaa iliyopita, ambao safari hii hakuwarudisha birikani kama alivyozoea kila Hatibu alipokwisha kuondoka, walikuwemo wote.