Mmea Bila Mizizi

Siku ile mjinga alikuwa Royce, na hilo hata yeye hakatai. Koleo aliliacha garini, maana kutoka barabarani mmea ule ulionekana wa kuokota tu: majani kama tarumbeta, yamesimama kwenye maji meusi chini ya misonobari.

Akazamisha mkono topeni hadi kiwikoni, akaishika mizizi. Ndipo kitu alichodhani ni kigogo kilichooza, kando kabisa ya mkono wake, kikajikunjua na kufunua kinywa cheupe kama pamba.

Tone la jasho likamshuka hadi ncha ya pua, likaning'inia. Hakuthubutu kulipangusa.

"Shemeji," alinong'ona. "Nyoka."

"Namwona." Dada wa mkewe alisimama nyuma yake, amekumbatia fremu ya kukaushia mimea. "Achia mizizi, utoe mkono polepole. Ukiung'oa mmea utamshtua."

"Makumbusho hawapokei mmea usio na mizizi. Mwaka jana walinirudishia."

"Royce, achia!"

"Nimeshaushika, shemeji. Bado kidogo tu utoke."

Kinywa kile kikasogea.

"Na wewe ukienda bila mkono, watakupokea?"